Shavu Kiganjani

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja, na kingo zake zimeliwa na vidole vya miaka 40. Ndani yake ameketi shangazi yangu, msichana wa miaka 19, kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Amekunja nne. Kiwiko cha mkono wa kulia kimetua juu ya meza ya duara yenye simu isiyo na waya na chupa ya maua ya plastiki, na shavu limelala kiganjani. Macho hayatutazami, yametupwa kando, kama ya mtu anayesikiliza wimbo unaotoka chumba cha pili. Nyuma yake limening'inia pazia lililochorwa ziwa, mlima usiofanana na mlima wowote wa Nakuru, na kundi la heroe ambao katika picha hii ya nyeusi na nyeupe wamegeuka kijivu. Ukiigeuza utaona muhuri wa studio uliofifia, na chini yake, kwa kalamu ya wino, mwezi na mwaka: Agosti 1984.

Aliyemweka hivyo ni mpiga picha. Shangazi alikuwa ametoka Elburgon kuja mjini kujifunza cherehani, na alipopata ujira wake wa kwanza aliamua kuwapelekea watu wa nyumbani ushahidi kwamba mji haujamshinda. Akavaa gauni aliloshona mwenyewe. Mlangoni mwa studio palikuwa na kitambaa cha kupangusia viatu, maana Nakuru ni mji wa vumbi tangu jina lake, ambalo husemwa kuwa limetoka katika neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na hakuna aliyetaka vumbi la njiani limfuate hadi ndani ya picha. Mpiga picha akamzunguka polepole. Akamwinua kidevu kwa ncha ya kidole, akamshusha bega, kisha akauchukua mkono wake kama mtu anayetua kikombe kilichojaa na kuuegemeza shavuni. "Sasa fikiria kitu kizuri," akamwambia. Shangazi akafikiria nyumbani.

Picha ilifika Elburgon ndani ya bahasha, pamoja na barua fupi. Nyanya hakujua kusoma, na wajukuu waliozoea kumsomea walikuwa bado shuleni, kwa hiyo aliitoa picha kwanza. Akaitazama, akakaa chini. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Ghala zilikuwa tupu, na watu walikuwa wakila mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Alichokiona Nyanya ni binti yake ameshika tama. Na kwetu mtu hashiki tama bure. Mtoto anayeweka shavu kiganjani hupigwa kikofi chepesi mkononi na kuulizwa, "Unamlilia nani?" kwa kuwa mkao huo ni wa msibani, na anayeukaa bila msiba huenda anauita. Nyanya hakungoja barua isomwe. Alfajiri alifunga unga kidogo ndani ya leso, akapanda matatu, akaulizia kwa huyu na kwa yule hadi akafika mlangoni mwa chumba cha bintiye. Maneno yake ya kwanza, kabla ya salamu, yalikuwa, "Nani amekufa?"

Kwa miaka mingi hadithi hii ilikuwa ya kuchekea. Ilisimuliwa Krismasi, ikasimuliwa kwenye harusi, na kila aliyeisimulia alikuwa na namna yake ya kuiga sauti ya Nyanya pale mlangoni. Siku hizi nikiishika picha hii kicheko hakiji haraka. Najiuliza ni nani aliyekosea kusoma. Mpiga picha alikuwa amejifunza, pengine kwenye magazeti ya urembo, pengine kwenye mabango ya sinema, kwamba shavu likilala kiganjani mtazamaji ataona utulivu, ndoto, mapenzi yanayongojea jibu. Nyanya alikuwa amejifunza kwenye mikeka ya matanga, akiwatazama wanawake waliomaliza machozi na kubaki na mkono wa kuzuia kichwa kisianguke. Mkono ni uleule na shavu ni lilelile. Mmoja aliandika utulivu, mwenzake akasoma kifo, na katikati yao akakaa msichana aliyekuwa anafikiria nyumbani.

Mwili una sarufi yake, na tulifundishwa sarufi hiyo kabla hatujajua kuwa tunafundishwa. Mtoto anayesimama mbele ya mzee huku amefumbata mikono kifuani ataambiwa aifungue, kwa sababu kifua kilichofungwa ni mlango uliofungwa. Mikono kiunoni ni ugomvi unaotafuta maneno. Mikono nyuma ya mgongo hutegemea ni ya nani: kwa mwanafunzi ni adabu, kwa mwenye shamba anayepita katikati ya vibarua wake ni umiliki. Kukunja nne mbele ya wakwe ni jeuri, lakini kukunja nne nje ya mlango wako jioni, mifugo imeingia na chai imekaribia, ni namna ya kumshukuru Mungu. Kuinamisha kichwa kunaweza kuwa heshima, haya, hatia au uchovu, na jirani aliyekuzoea atajua ni kipi kwa kutazama mabega tu. Macho hayana pazia, walisema wahenga. Lakini macho hayo yana shule yake, na kila mtu hubeba shule yake hadi mbele ya kila picha.

Ndiyo maana namheshimu yule mpiga picha ambaye jina lake halikuhifadhiwa nyumbani kwetu. Kazi yake ilikuwa kazi ya mshairi: kusema mengi kwa vitu vichache, ndani ya kipimo kilichofungwa. Alijua kwamba mtu akisimama uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili huonekana kama askari aliye zamu, na kwamba uzito ukihamia mguu mmoja kiuno huvunjika, bega hulegea, na picha huanza kupumua. Alijua kidevu kikiinuka hata kwa upana wa kidole huleta majivuno, na kikishuka huleta haya au siri. Alijua pia kuwa macho yanayoitazama kamera humkabili mtazamaji na kumdai jibu, na yale yanayotazama kando humruhusu aingie bila kubisha hodi, akae, atazame kadiri anavyotaka. Na alijua swali ambalo kila mteja humuuliza mpiga picha akishaketi, tajiri kwa maskini: "Mikono niiweke wapi?" Uso unaweza kunyamaza, mikono haijui kunyamaza. Ndiyo sababu ya ile simu isiyo na waya na yale maua yasiyonyauka. Viliwekwa pale kuipa mikono kazi, isije ikaropoka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ufundi huo ulikuwa ukiundwa katika miji mingi ya Afrika kwa wakati mmoja. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, akawaweka wateja wake mbele ya vitambaa vya maua, akiwaazima saa na redio, akiwageuza kidogo ubavu ili uso na bega visemezane. Mwambao wetu haukubaki nyuma. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunga picha hadi mtu akachanua ndani ya ua. Kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vilivyochorwa meli na ndege, na mfanyakazi aliyetoka bara, ambaye hakuwa na nauli ya kurudi kwao, alisimama mbele ya ndege ile mkono mmoja mfukoni, kidevu juu, na kuipeleka picha nyumbani. Wako wanaouita mkao wa namna hiyo uongo, na methali yao wanayo tayari: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi sioni mkakasi hapo. Mama aliyeipokea picha ile alijua vizuri kwamba mwanawe hakupanda ndege. Alichosoma ni bega lililonyooka. Kijana alikuwa anamwambia: bado natamani, sijakata tamaa.

Mkao, basi, ni barua. Na kama barua, hauna maana kamili hadi ujue umeandikiwa nani. Wachache walilijua jambo hili kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1938, akiwa London, alichapisha Facing Mount Kenya, na katika picha inayokitangulia kitabu hicho amesimama amejitanda vazi la ngozi yenye manyoya, mkuki mkononi, na kidole chake kinagusa ncha ya mkuki kana kwamba anapima makali. Ndani, kitabu kinazungumza kwa utaratibu wa wasomi, na utangulizi wake uliandikwa na Bronislaw Malinowski, mwalimu mwenye jina kubwa. Hoja, maelezo ya mila, mpangilio wa sura: hayo yote yaliandikiwa watu wa vyuo. Kile kidole kwenye ncha ya mkuki kiliandikiwa kila mtu, na msomaji alikuwa ameonywa kabla hajafika ukurasa wa kwanza.

Miaka 25 baadaye, Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, mtu yuleyule, sasa akiwa Waziri Mkuu, alisimama hapa Nakuru, katika ukumbi wa mji, mbele ya mamia ya walowezi wa Kizungu waliokuja kusikia kama watafukuzwa mashambani. Aliwaambia habari ya kusameheana, akawataka wabaki walime. Nikiiwaza siku ile huwa siwazi maneno kwanza. Nawaza mamia ya watu waliozoea kwa miaka mingi kumtazama Mwafrika akiwa amevua kofia, sasa wameketi na wanayemtazama amesimama, na mkao huo peke yake, wao chini na yeye juu, ulikuwa umeshatangaza habari. Katika miaka yake ya urais mkono uliowahi kushika mkuki ulishika usinga. Mkuki hupimwa makali. Usinga hupungwa hewani, na anayeupunga hana haja ya kuharakisha. Tangu hapo tumeona viongozi wengi wakitafuta kitu cha kushika, fimbo au kirungu, kwa sababu nao pia, mbele ya kamera, huuliza swali lile la studio: mikono niiweke wapi?

Upo pia mkao uliokatazwa kusema. Kila Mkenya mzima ameukaa. Unaketi kwenye kigoda, nyuma yako kitambaa cheupe, na sauti inakuamuru: toa kofia, tazama mbele, usicheke. Ni picha ya kitambulisho, nacho bado tunakiita kipande, kwa jina la kile cheti ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zamani ilitakiwa alama ya kidole, leo unatakiwa na uso, lakini uso huo nao huwekwa pale kama alama ya kidole, umekamuliwa furaha na huzuni. Watu hulalamika kwamba picha ya kipande haifanani nao. Inafanana nao sana. Kinachokosekana ni yule aliyekusudiwa. Ni picha isiyopelekwa kwa yeyote anayekupenda, na mwili hulijua hilo, ukakaa kama mgeni asiyekaribishwa.

Na zipo picha ambazo hakuna aliyezipanga. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, mji wetu ulinuka moshi, na uwanja wa maonyesho ya kilimo, tuliokuwa tukienda kutazama ng'ombe wa maziwa na kununuliwa maputo, ukajaa mahema. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kote, na mamia ya maelfu wakaachwa bila makao. Tazama picha za siku zile, za mji wowote utakao, na utaona mkao mmoja ukijirudia: mikono kichwani. Mama aliyesimama mbele ya nyumba inayoungua haiweki mikono kiunoni wala kifuani. Huipandisha kichwani na kufungamanisha vidole, kama mtu anayezuia paa lisichukuliwe na upepo. Waluo, Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, waliokuwa wakifukuzana kwa lugha, walilia kwa mkao mmoja. Mabibi zetu walitukataza kuweka mikono kichwani tukiwa watoto kwa sababu walijua mkao huo una mwenyewe, na siku ikifika atakuja kuuchukua.

Lakini yaliyofuata yalinifundisha nisidharau mkao uliopangwa. Tarehe 28 Februari mwaka huohuo, Mwai Kibaki na Raila Odinga, mahasimu wawili wa uchaguzi ule, waliketi kwenye meza moja nje ya Harambee House, Nairobi, Kofi Annan akiwa pamoja nao, wakatia sahihi mkataba, wakapeana mikono mbele ya kamera. Kila kitu pale kilikuwa kimepangwa: meza, viti, kalamu, nani aketi wapi. Hata hivyo nchi nzima ilivuta pumzi. Wengi wetu hatukuwa tumesoma hata mstari mmoja wa mkataba ule. Tulisoma viganja viwili vilivyokutana, na mapanga yakaanza kurudi kwenye kazi ya kufyeka majani. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba picha ya kweli ni ile ambayo mtu hajui anapigwa, nakumbuka siku ile. Mtu anaweza kuupanga mkono wake kwa makusudi kabisa na bado akausema ukweli, kama anavyofanya anayepiga magoti kuomba msamaha. Hakuna apigaye magoti kwa bahati mbaya.

Wakati mwingine, nikichoka na mikao ya wanadamu, huenda ziwani. Ziwa Nakuru limekuwa ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1968, na kwa miaka mingi dunia iliijua Nakuru kwa picha moja: ufuko wa waridi, heroe kwa maelfu, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja na shingo imekunjwa kama mpini wa kikombe. Tuliwaona kama warembo waliojipanga kupigwa picha. Kumbe ndege hana habari na sisi. Wanasayansi wamebaini kwamba mguu mmoja humpumzisha, viungo hujifunga vyenyewe na misuli hufanya kazi kidogo sana. Tunachokiita madaha ni usingizi. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda, yakameza ua na lango la zamani la hifadhi. Magadi yakazimuliwa, chakula chao kikapungua, na wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Nami nimesimama kwenye maji hayo mapana nikiwawaza wale heroe wa kijivu kwenye pazia nyuma ya shangazi. Wale wa rangi walikwenda zao bila kuaga, hawa wa kuchorwa hawajashusha hata mguu. Heroe humhuzunisha anayemtazama bila yeye kuwa na huzuni. Mwanadamu ndiye anayejua kuwa anatazamwa, akaupanga mwili wake kwa ajili ya jicho la mwenzake.

Na jambo hilo ni la kale kuliko kamera. Nje kidogo ya mji, juu ya Hyrax Hill, Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937 akakuta makaburi ya wafugaji walioishi bonde hili kabla ya zama za chuma. Waliozikwa hawakutupwa tu shimoni. Walilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama watoto waliosinzia karibu na moto, na wanawake miongoni mwao waliwekewa sahani za mawe. Kuna mtu aliyeinama ndani ya shimo lile na kuukunja ule mguu. Kuna aliyeuchukua mkono usio na joto akauweka mahali alipotaka uwe, kwa uangalifu uleule wa yule mpiga picha wa 1984. Alimpangia mpendwa wake mkao wa mwisho, akaufunika kwa mawe, akijua hakuna jicho la hapa duniani litakalouona. Hatujui aliitwa nani wala lugha yake ilisikikaje. Lakini mkao ule bado tunausoma, na hakuna anayesimama pale akahitaji mkalimani.

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu Menengai. Ukifika ukingoni ardhi huachia ghafla, kasoko linafunguka chini yako, upana wa kilomita kumi na mbili hivi, mita mia kadhaa kwenda chini, lava nyeusi na vichaka, na hapa na pale uzi wa mvuke. Husimuliwa kwamba Wamaasai walipopigana wao kwa wao, walioshindwa walitupwa humo, na mvuke ule ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Vijana walikuwa wengi ukingoni siku hiyo, kila mmoja na simu yake, wakipiga pozi: mikono imetandazwa kama mbawa, vidole viwili hewani, midomo imebetuliwa. Mpwa wangu alinipa simu, akatembea hadi karibu na ukingo, akasimama, akanigeuzia mgongo. "Anko, nipige hivi."

Nilisita. Nimelelewa nikijua kwamba kumpa mtu mgongo ni kumkataa. Kwetu, hata ukiagana na mzee, hurudi kinyumenyume hatua mbili tatu kabla ya kugeuka. Sasa huyu mtoto anataka picha ambayo haina uso, kisogo tu na mabega na bonde. Nilitaka kumwambia ageuke, acheke, aonekane. Badala yake nikamuuliza, "Utampelekea nani?"

"Mamangu," akasema bila kugeuka.

Mamake ni dada yangu. Yuko Doha mwaka wa nne sasa, anatunza watoto wa watu. "Nataka aone ninachokiona," mtoto akaendelea. "Uso wangu anauona kila siku kwenye simu. Hapa hajafika siku nyingi."

Nikapiga. Na nilipokuwa nikitazama kupitia kioo kile kidogo niliuelewa mgongo ule. Mtoto alikuwa amemwachia mamake nafasi ya kusimama, nyuma yake, mahali ambapo mama husimama akimsuka mtoto nywele. Alikuwa anamwambia: njoo usimame hapa, tutazame pamoja. Niliona ni mkao mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, na nikajiambia kwamba picha hii, angalau, haiwezi kusomwa vibaya.

Usiku ule simu yangu ililia. Dada yangu hakunisalimu. "Huyo mtoto ana nini?" akauliza. "Mbona amenipa mgongo? Nimemkosea wapi?" Nilipoanza kueleza alikuwa tayari ananiambia nimpe simu binti yake, nami nikampa, wakazungumza hadi nikalala nikiwaacha. Asubuhi nilimkuta mpwa wangu macho yamevimba na uso umetulia. Mwezi uliofuata dada yangu aliomba ruhusa kwa waajiri wake na kuja nyumbani kwa majuma mawili. Tulimpeleka Menengai. Alisimama nyuma ya bintiye, mikono mabegani mwake, na hakuna aliyekumbuka kutoa simu.

Hapo ndipo niliporudi kwenye ile picha ndogo ya kingo zilizoliwa. Siku ile ya 1984, Nyanya alipohakikishiwa kwamba hakuna aliyekufa, alimshika binti yake mkono wakaenda studio ileile, akamwagiza mpiga picha awapige upya, vizuri, kama watu. Picha hiyo ya pili ninayo pia. Wamesimama wima bega kwa bega, mikono imenyooka ubavuni, wanaitazama kamera. Haina tama wala simu isiyo na waya. Ni picha safi, na imebaki safi. Kingo zake ni kali kama siku ilipokatwa. Zote mbili nilizikuta ndani ya kopo la majani ya chai ambalo Nyanya aliweka chini ya kitanda hadi alipofariki. Ya pili ilikuwa chini, imefungwa kwenye karatasi. Ya kwanza ilikuwa juu, bila kifuniko, na pembeni, pale kidole gumba hushika, picha imefutika hadi weupe wa karatasi umejitokeza.

Niliwahi kumuuliza, akiwa hai, kwa nini anaitunza ile picha ya tama iliyomtia hofu bure, na ile nzuri hajawahi hata kuitundika ukutani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa kijana na nilidhani nitasikia tena kile kichekesho cha Krismasi. Nyanya aliichukua ile ya kwanza kutoka mkononi mwangu, akaifuta kwa upindo wa leso ingawa haikuwa na vumbi.

"Ile nyingine ni nzuri," akasema. "Lakini hii ndiyo iliyoniinua."